Tulipotembelea Studio ya Picha Kasulo

Ukitoka Biharamulo kwenda mpaka wa Rwanda utapita Lusahunga na Nyakahura, kisha barabara itaanza kupanda na kushuka vilima vya Ngara mpaka Kasulo. Hapa ndipo ilipo senta ya Benako, ambayo madereva wa malori ya Kigali wanaijua vizuri. Maduka yamepangana kando ya lami, na kati ya fundi cherehani na muuza mchele tulikuta chumba kidogo chenye pazia la bluu. Ni studio ya picha. Tuliingia, tukakaa humo karibu asubuhi nzima.

Huenda ukauliza, akina mama wasafiri wanatafuta nini studio? Jibu limo katika historia ya mahali hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kwa ghafula, na Wanyarwanda walikaa katika kambi za Ngara mpaka waliporudishwa kwao Desemba 1996. Katika misafara ya mwaka ule watoto wengi walipoteana na wazazi. Katika nchi za Maziwa Makuu mashirika kama UNICEF na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa yalitumia picha kutafuta jamaa zao. Mtoto alipigwa picha akiwa na namba yake, na picha zikabandikwa mahali watu wanapopita, ili mama akipita amtambue wake. Mtoto mchanga hawezi kutaja jina lake wala kijiji chake. Kilichobaki kumsemea ni uso.

Basi, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la wateja, aliingia bibi mmoja wa Kihangaza na mjukuu wake wa miaka kama mitano. Mume wake alikuwa amefariki, na picha pekee iliyobaki ilikuwa ile ya kadi ya mpigakura, ndogo kama ukucha. Waliikuza kwa ajili ya mazishi, ikatoka na ukungu mtupu. Wajukuu wakauliza, “Huyu ni nani?” Bibi hakutaka siku yake naye wajukuu waulize hivyo.

“Shikamoo, bibi,” alisema dada mpiga picha.

“Marahaba, mjukuu wangu.” Bibi akasimama wima mbele ya pazia, mikono imebana mbavu, macho yametoka.

“Hii si ya kitambulisho, bibi. Kaa, tuongee kidogo.”

Alimpa kigoda kisicho na mgongo, maana kiti cha kuegemea hulegeza mabega. Alikiweka mbali na pazia kama hatua mbili, ili kivuli kianguke sakafuni kisije kikasimama nyuma yake kama mtu wa pili. Akamgeuza mabega kidogo upande, kisha akamwomba arudishe uso kuelekea kamera. Mabega yakielekea mbele kabisa mtu huonekana mpana na mwenye hofu. Mikono ikalala mapajani, mmoja juu ya mwingine. Kitambaa cha kichwa kikasogezwa nyuma kidogo, kwani kilikuwa kinatia paji la uso kivuli. Mwisho akampandisha mtoto juu ya sanduku ubavuni mwa bibi, mpaka nyuso mbili zikakaribiana.

Ikaja zamu ya mwanga. Taa kubwa aliiweka upande wa kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho, mwanga wake ukipita katika mwavuli mweupe. Mwanga unaotoka kwenye kitu kikubwa kilicho karibu hulainisha vivuli. Ule wa balbu tupu hukata uso na kuzidisha makunyanzi. Upande wa kulia hakuweka taa ya pili. Aliweka ubao mweupe urudishe mwanga kidogo kwenye shavu lililokuwa gizani. Tukauliza, mbona taa mbili zisiwe sawa? Akacheka: “Uso unakuwa kama sahani!” Ni kweli, kivuli kidogo ndicho kinachoonyesha pua, taya na mifupa ya mashavu.

Tulipenda pia kwamba alipima mwanga kwenye shavu la bibi, si kwenye kanga yake nyeupe. Kamera ikifuata kitambaa cheupe, uso mweusi huzama. Jambo hili lina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, nazo sura zetu zikatoka kama makaa. Lakini wapiga picha wetu hawakungoja viwanda vibadilike. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, alitumia mwanga wa jua uani na kitambaa cha kutandikia kitanda kama pazia, na picha zake za akina mama zinasifiwa duniani mpaka leo.

Mama msomaji, hata kama huna studio karibu, haya yanawezekana nyumbani. Mweke mzee wako karibu na mlango ulio wazi, jua lisimpige moja kwa moja. Mwanga umjie ubavuni. Upande wa pili tandaza shuka jeupe juu ya kiti. Mfute jasho usoni, mwambie ashushe kidevu kidogo, kisha muulize habari za ujana wake. Piga wakati anajibu.

Picha ikishatoka, usiiache katika simu tu, kwani simu huibiwa na kuharibika. Isafishe kwa karatasi, andika nyuma yake majina yote na mwaka, uitie katika mfuko wa plastiki. Nakala nyingine mpelekee ndugu anayekaa mbali. Bibi wa Kasulo alilipia nakala tatu: moja ya kwake, moja ya mwanawe aliyeko Kahama, na ya tatu ya yule mjukuu, akaifunga katika pindo la kanga mpaka mtoto atakapokua.