Swali la Mtaa Niliokaa

Columbus, Ohio

Dada,

Juzi uliniuliza mbona sauti imekauka, nikasingizia baridi. Haikuwa baridi. Mwezi wa pili nilipeleka hesabu zangu za kodi kama kila mwaka, zikarudishwa: mwenye namba yangu ya soshali alikwisha kupeleka zake. Huyo mwenye namba ana gari la mkopo, kadi mbili za benki, na nyumba ya kupanga Phoenix, mji ambao sijawahi kuukanyaga. Na kwa karatasi, huyo ni mimi.

Huku namba ya soshali, tarakimu 9, ndiyo mtu mwenyewe. Zilianza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya kufuatilia mishahara na pensheni; leo bila hiyo mkopo kuupata ni taabu, na chumba utakitafuta mpaka uchoke. Mwaka 2017 wadukuzi walichota taarifa za watu kama milioni 147 kwa mpigo mmoja, kutoka kampuni moja tu inayotunza historia za mikopo. Kwa hiyo yangu ingeweza kuvujia popote.

Nikapiga simu kwa wanaonidai. Ili niaminike, nikaulizwa maswali kutoka kwenye faili langu la mikopo: kati ya mitaa hii minne, uliwahi kukaa upi? Nikasema hakuna. Nimekosea! Faili limekwisha kujaa maisha ya mwizi, na mtihani ule yeye angeufaulu kuliko mimi. Binti wa kwenye simu akaniambia, kwa upole wa kukariri, kwamba hawezi kunithibitisha. Nilikaa sakafuni jikoni na pasi yangu ya kusafiria mkononi, naitazama picha.

Nyumbani mtu akipiga *106# anaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mimi nina kampuni tatu za historia za mikopo za kuandikia, kila moja peke yake, na ripoti ya polisi juu. Kufunga faili lisitumike kuombea mikopo mipya ni bure tangu 2018. Nimelifunga. Usingizi haukurudi.

Saa tisa usiku naamka kuangalia simu, kama kuna mkopo mpya. Nasaga meno nikilala, asubuhi taya zinauma hata chai naimeza kwa shida. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, muuguzi alinipima presha kwa utani tu. Ikasoma 160 kwa 98, utani ukaisha. Mwizi anayekuibia pochi anakimbia. Huyu wangu hajakimbia, amekaa ndani ya jina la Baba, analitumia.

Lakini kinachonila zaidi ni kingine. Fomu ya kuombea namba ile sikuijaza mimi. Aliijaza mtoto wa mjomba, yule aliyenipokea uwanja wa ndege na kunilaza sebuleni kwake miezi minne. Polisi waliniuliza nani mwingine anaijua namba. Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema simjui. Sina ushahidi wowote juu yake, Dada, na Mama asisikie hata neno. Ni mtoto wa kaka yake.

Siku ya Idi aliniletea pilau, na kachumbari kwenye kibakuli cha pembeni. Kabla sijamfungulia mlango nilikusanya barua zote mezani nikazitia chini ya godoro.