Kiambere: Sufuria la Shule na Shamba la Jirani



Wapenzi wasomaji, maji ya Mto Tana yanayoingia baharini pale Kipini husafiri mwendo mrefu kabla ya kutufikia sisi watu wa pwani. Hupita katika mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na la mwisho Kiambere, lililokamilika mwaka 1988. Safari yetu ya wiki hii ni ya huko Kiambere, katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu. Lakini sikukusudia kuwasimulia habari za bwawa na umeme wake. Nakusudia habari ya chakula cha watoto wa shule.

Asikiaye jina la Embu hudhani atakuta mashamba ya chai na baridi ya Mlima Kenya. Embu ya juu ndivyo ilivyo. Ukiteremka kuelekea Kiritiri, kisha ukaendelea hadi Kiambere, nchi hugeuka: jua kali, migunga, mawe, na mbuzi wakitafuta kivuli. Mvua huja misimu miwili, masika na vuli, na wenyeji huitumainia zaidi ile ya vuli. Mahindi hupandwa, lakini mara nyingi hunyauka kabla ya kukomaa. Mazao yanayoijua ardhi hiyo ni mtama, mawele, kunde, mbaazi na pojo, ambazo wao huziita ndengu. Pojo hukomaa katika muda wa miezi miwili hadi mitatu tu, na kwa hiyo huiwahi mvua kabla haijaondoka.

Akina mama, mazao hayo si mageni kwetu. Mbaazi tunazozipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri asubuhi ni zao la nchi kavu kama hiyo, na pojo za nazi tunazijua tangu utoto. Tatizo ni kwamba mkulima wa pojo huvuna mara moja au mbili kwa mwaka, kisha hungoja dalali aje na bei yake. Mtama wake nao, hasa ule wa aina ya gadam, umepata soko katika viwanda vya pombe. Nafaka iliyofaa kuwa uji wa mtoto huishia katika pipa la mlevi.

Kando ya mashamba hayo husimama zao jingine tulijualo vyema: muguka. Mmea huu hustahimili ukame, huchumwa mara kwa mara, na humpa mkulima fedha taslimu pasipo kungoja msimu. Mwezi wa Mei mwaka 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku katika kaunti zao, kwa kuwa vijana wetu wanaangamia. Watu wa Embu walilalamika kwamba wanakatiwa riziki, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Msimamo wangu kuhusu majani hayo mnaujua, na haujabadilika. Lakini tukimwambia mkulima aache hiki, ni haki tumuulize pia atauza nini.

Jibu mojawapo liko karibu naye kuliko Mombasa. Ni shule ya kijijini pake.

Tangu mwaka 2009 Serikali ya Kenya imekuwa na mpango wa chakula cha shule kinachotokana na mazao ya hapa nchini, katika maeneo kame na yale yenye mvua haba. Kabla ya hapo chakula kililetwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mwaka 2018 shirika hilo lilikabidhi kazi yote kwa Serikali. Wazo la asili la mpango huu ni jepesi: shule ipewe fedha, na kamati yake inunue chakula katika soko la karibu.

Tufanye hesabu. Kipimo kilichozoeleka kwa mtoto mmoja kwa siku ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde, na mafuta kidogo. Shule ya watoto 300 itahitaji kilo 45 za nafaka kila siku, yaani nusu gunia la kilo 90, na kilo 12 za pojo au kunde. Kwa muhula wa wiki 12 hayo ni magunia 30 ya nafaka na magunia 8 ya kunde. Hilo ni soko la kweli kwa wakulima kadhaa, tena soko wanaloweza kulifikia kwa punda. Sharti ni kwamba walipwe kwa wakati, maana mkulima aliyecheleweshewa malipo atarudi kwenye zao linalolipa siku ileile.

Sharti la pili ni usafi wa ghala. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota sumukuvu, na watu 125 walifariki katika wilaya za mashariki, zikiwemo Makueni na Kitui. Chakula cha karibu si salama kwa kuwa ni cha karibu. Husalimika kikikaushwa, kikapimwa, kikawekwa pakavu. Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, aliwafundisha Wamisri kuiacha nafaka katika masuke yake kwa ajili ya miaka ya njaa. Kuhifadhi ni elimu tangu kale.

Na elimu hiyo ina nafasi darasani. Somo la kilimo limo katika mtaala wa shule za msingi, na vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Mtoto wa Kiambere akipanda mstari wa kunde nyuma ya darasa, akahesabu siku hadi zichanue, kisha akazikuta katika sahani yake, atajifunza hesabu, sayansi na shukrani kwa pamoja. Hataona haya kuitwa mwana wa mkulima.

Nasi wa pwani tusibaki watazamaji. Ardhi yetu hutoa mihogo, kunde, viazi vitamu na nazi, lakini watoto wetu wengi huenda shule na madrasa na pakiti ya vibanzi au biskuti. Kamati za wazazi zikutane, zihesabu watoto, kisha zizungumze na wakulima walio karibu kabla ya msimu wa kupanda. Anayeweza kutoa sadaka, na anunue gunia la pojo kwa mkulima alipeleke madrasa: amemlisha mtoto, na amemwezesha mkulima kuishi kwa halali.

Mwenyezi Mungu atubarikie mashamba yetu na awakinge watoto wetu na njaa na ulevi. Amin.