Kodi ya Vyumba Viwili

Mwezi wa Shawwal, siku chache baada ya Idi, mwenye nyumba wetu alituarifu kwamba kodi ingepanda kutoka shilingi 13,000 hadi 18,000. Nyumba yenyewe iko mtaani Langoni, mjini Lamu: vyumba viwili vya kulala, jiko, choo, na roshani ndogo ya kuanikia nguo. Mume wangu ni mvuvi, na kusi ilikuwa imeanza kuvuma.

Usiku ule sikupata usingizi. Kuhama kulimaanisha kuvuka kwenda Mokowe, mbali na madrasa ya wanangu, na mbali na mama yangu asiyejiweza. Nilitafuta kinga ya sheria, nikaelezwa kwamba sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, huhusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya kodi hiyo nani aipatae leo?

Nikamwendea kwa hasira. Naye ni mjane, rika la mama yangu. Hakunijibu, alinimiminia kahawa, kisha akafungua daftari lake. Boriti mbili zilizooza. Mifuko ya saruji: bei ya dukani, nauli ya mashua kutoka Mokowe, na ujira wa punda hadi mlangoni, kwa kuwa gari haliingii vichochoroni mwetu.

“Mwanangu,” akasema, “nikiwapangisha wageni kwa usiku, nitapata zaidi. Lakini sitaki mtaa usio na watoto. Nami sina mwana wa kunilisha.”

Nilinyamaza. Kwa miaka sita nilimhesabu tajiri, kwa sababu tu mimi ndiye niliyempelekea pesa.

Tulipatana 15,500, kwa sharti kwamba mume wangu ataziba dari na kupaka chokaa kila mwaka kabla ya masika. Safari hii tukaandika, mbele ya mashahidi, tukizingatia mwongozo wa aya ya 282 ya Suratul Baqara kuhusu kuandikiana madeni. Nyongeza ile naitafuta kwa mahamri ninayoyakaanga baada ya swala ya alfajiri.

Dada zangu, kabla ya kugombana na mwenye nyumba, mwombeni awaonyeshe hesabu yake. Nanyi wenye nyumba, msiwafiche wapangaji hesabu zenu. Mwenyezi Mungu atujaalie makazi yenye utulivu. Amin.