Keti Upande wa Mbele

Wasee, tujengane kidogo. Kijana akionekana mkahawani na sahani safi na glasi yenye kipande cha ndimu, mtaa unaamua haraka: ama kuna mtu anamlipia, ama anachezea pesa. Hakuna anayesema hivyo ukinunua raba za elfu nne. Ukiweka soo tano kwa mechi na ipotee, utapewa pole. Lakini ukila vizuri mahali pazuri, unaulizwa kama nyumbani hakuna sufuria.

Mimi nasema kula nje katika mji wako, hata kama ni mara moja kwa mwezi, ni njia moja ya kuishi Nairobi kama mwenyeji. Na kama bado inatukaa kama kiburi, kuna sababu, na sababu yenyewe ni ya zamani kutuliko.

Nairobi ilijengwa na meza ambazo watu wetu hawakuruhusiwa kuketi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa 1904, na enzi za ukoloni Mwafrika aliingia sehemu kama hizo akiwa mpishi, weita au mbeba mizigo. Akitaka kinywaji, kulikuwa na kumbi za pombe za Waafrika kama ile ya Pumwani, zikiendeshwa na baraza la mji. Uhuru ukaja 1963, sheria zikabadilika. Mazoea nayo yakabaki. Machi 2015, mkahawa mmoja pale Kilimani uligonga vichwa vya habari kwa kuwazuia Waafrika kuingia jioni. Ni 2015, si 1915. Watu walichemka, na mamlaka ikaufunga kwa kukosa leseni zinazofaa.

Siku hizi hakuna kibao cha kukuzuia mlangoni. Kuna soja wa geti. Mzungu anapita na slipa zake, anasalimiwa vizuri, halafu wewe unaulizwa, "Unaenda wapi?" Unaenda kula, bana. Lakini hilo swali likikupata mara mbili tatu, unaanza kujiuliza mwenyewe kabla hujafika kwa geti. Unapita nje ya mahali miaka mitano na hujawahi kuingia, na hakuna mtu aliyekuzuia. Umejizuia mwenyewe.

Mathe wangu alifanya kazi miaka tisa katika jikoni la mkahawa mmoja Westlands. Kukata vitunguu, kumenya viazi, kuosha sufuria kubwa kubwa. Aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kando ya mapipa. Ada yangu ya shule ilitoka kwa hivyo vitunguu. Mwaka jana nilipolipwa kazi ya video mbili, nikamwambia avae ile nguo yake ya kanisa tutoke. Hakujua tunaenda wapi mpaka gari likakata kona.

"We mtoto, hapa ni bei," akaniambia.

"Mama, leo ingia tu."

Kwa dakika kumi za kwanza hakustarehe. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Alipomaliza supu akaanza kupanga bakuli zetu, moja juu ya nyingine, apeleke jikoni. Weita, kijana wa rika langu, akamwambia polepole, "Wacha tu mama, hiyo ni kazi yangu." Akaziachilia. Halafu akaonja kachumbari, akanong'ona kwamba hivyo vitunguu havikuoshwa na chumvi. Hapo nikajua ametulia, kwa sababu mathe akianza kukosoa chakula, amefika nyumbani.

Kitu kilichonimaliza ni alichosema baadaye, akiangalia nje. "Miaka tisa, na sikujua ukikaa huku unaona miti."

Sikujibu. Nilimwagizia chai nyingine.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema mikahawa ni ya watu wa kujionyesha, nauliza: nani hupika huko? Nani hubeba sahani? Ni mama zetu, ni majirani zetu, ni yule msee mliyemaliza naye shule. Mji huu unalishwa na watu wa Kawangware, Kangemi na Kibra ambao wengi hawajawahi kuketi upande wa mbele. Hiyo ndiyo shida, si kokteli yangu ya wikendi.

Na tukisema kula nje, tuachane na hii imani kwamba lazima iwe pasta ya Westlands juu ya ghorofa. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg alipokuja Nairobi, alipelekwa kwa Mama Oliech kula samaki na ugali. Tajiri wa dunia anakula samaki wetu, na wewe ukialikwa samaki unasema hiyo si deti? Aki tujipende kidogo.

Nikupe ramani yangu. Ukiwa katikati ya jiji na unataka samaki, K'Osewe pale Kimathi Street atakuletea samaki mzima na ugali, na hakuna anayekuangalia vibaya ukitumia mkono. Kenyatta Market, msichana anasukwa nywele upande huu na nyama inachomwa upande ule. Unachagua nyama yako mwenyewe, inapimwa kwa kilo, halafu unangoja ukipiga stori. Diamond Plaza, Parklands, hujafika hata kwa kiti na maweita wamekuzingira na menyu. Usiogope, chagua mmoja, agiza bhajia za viazi na juisi ya miwa. Ukipanda mat ya namba 6 au 9 utafika Eastleigh, ambako wali wa Kisomali unaletwa na ndizi mbivu kando. Hiyo ndizi huliwa pamoja na wali, si baada ya wali. Najua unashangaa. Jaribu kwanza.

Sasa kinywaji. Kama umefika miaka 18, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya Kenya, na unataka kokteli ya kuanza nayo, anza na yetu: dawa. Watalii wanaijua kutuliko. Ilizaliwa Carnivore kule Lang'ata, mkahawa uliofunguliwa 1980, na chanzo chake ni caipirinha ya Brazil. Wabrazil wanatumia pombe ya miwa. Hapa tukaweka vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa asali. Utamu wenyewe uko kwa hicho kijiti. Ukikikoroga sana, asali inayeyuka na kinywaji kinakuwa kitamu. Ukikigusa kidogo, ndimu inakuamsha. Kila mtu anajitengenezea dawa yake hapo hapo mezani.

Lakini sikiza, asali inaficha vodka vizuri sana. Kula kwanza, kunywa maji katikati, na usishike usukani. Na kama hunywi pombe, au hujafika umri, dawa iko pia: ile ya moto ya ndimu, tangawizi na asali, ambayo utaipata karibu kila mkahawa wa kahawa mjini. Ndiyo mathe alikuwa anakunywa siku ile. Usikubali mtu akuambie hujatoka kwa sababu glasi yako haina pombe.

Tufike kwa pesa, kwa sababu najua kuna mtu ameshakunja uso. Sisemi kula pesa ya renti. Mimi niliacha chuo, sina mshahara wa kila mwezi, na kuna wiki naishi kwa chapo madondo ya kibandaski, ambayo kusema ukweli ni tamu kushinda vyakula vingi vya bei. Kwa hivyo kila wiki naweka soo tano kando. Mwisho wa mwezi ni thao mbili. Hiyo ndiyo pesa ya meza, na haizidi hapo. Wiki ikikataa, mwezi huo siendi, na hakuna aliyekufa.

Kabla ya kutoka naangalia menyu kwa simu, ili nisifike pale nikaanza kutoa jasho mbele ya weita. Naenda saa za ofa, jioni mapema, wakati baa nyingi zinashusha bei ya vinywaji. Na bili ikija, naisoma. VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 mara nyingi zimeshaingizwa ndani ya bei ya menyu, na sehemu zingine zinaongeza ada ya huduma. Ukiona kitu kimeongezwa na hukielewi, uliza. Kuuliza bili si ushamba. Anayelipa ana haki ya kujua analipia nini.

Weita naye usimsahau. Hata kama ni mia moja, mpe mkononi na umwangalie usoni. Kuna mtu nyumbani anayesubiri hiyo mia.

Kuna watakaoniambia hizo thao mbili ningenunua kitu cha kudumu. Labda. Lakini nimenunua viatu vilivyodumu miezi sita na sikumbuki hata rangi yake. Nimekula ngamia Eastleigh na marafiki watatu tukicheka mpaka meza ya pili ikaingilia stori. Nimeona jua likizama juu ya Westlands nikiwa na glasi moja niliyoinywa saa nzima kwa sababu ya pili sikuwa na uwezo nayo. Huu mji ni mgumu. Unatuamsha saa kumi usiku, unatupandisha nauli mvua ikinyesha, unatuzimia stima. Siku moja kwa mwezi nautaka uniletee chakula nikiwa nimeketi.

Kwa hivyo fanya hivi. Fikiria mtu mmoja ambaye amepikia watu wengine maisha yake yote: mamako, shosh, anti yako anayeuza mandazi. Weka pesa kidogo kidogo. Mpeleke mahali, si lazima pawe pa bei, mradi aketi na aletewe. Akianza kupanga vyombo, mwambie aache.

Na kama huna mtu wa kwenda naye, mwezi ujao mimi niko Kenyatta Market, Jumamosi mchana. Mbuzi nusu kilo kila mtu, kachumbari ya pilipili, ugali mmoja tugawane. Njooni. Ila tuelewane mapema: kila mtu anajilipia.