Vespa Iliyolala

Ukichungulia ukumbi wa chini wa nyumba za mawe za Malindi, Kiponda au Mkunazini, aghalabu utaona vespa iliyofunikwa shuka kuukuu. Mwenyewe yuko Maskati, Dubai au London, na ameiacha kwa nduguye mpaka atakaporudi. Akirudi, huitoa nje, hutia petroli mpya juu ya ile ya zamani, kisha hupiga kiki mpaka shati limlowe. Ikiwaka, humfikisha Darajani kwa taabu: inakatakata, inapasua kwenye ekzosi, inazima. Hapo huikokota mpaka gereji na kusema maneno ambayo kila fundi wa Unguja anayajua: "Fundi, chombo kinamisi."

Anachofanya fundi baada ya kuyasikia maneno hayo kimebadilika mara mbili katika umri wa mwandishi wa makala haya. Maadui wa injini iliyolala ni walewale, yaani chumvi, unyevu na petroli iliyochacha. Kilichohama ni mahali fundi anapoanza kumtafuta adui huyo.

Mwandishi alikulia kwenye gereji ya ami yake, Mlandege, katikati ya miaka ya 1980. Ndiyo miaka ambayo biashara ya Zanzibar ilifunguliwa, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa visiwa hivi, na bidhaa zikaanza kuingia kwa wingi kutoka Dubai. Vipuri vya vespa vikawamo. Chombo hicho, kilichobuniwa na mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio na kuombewa hataza mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946, kilikuwa kana kwamba kilichorewa vichochoro vya Mji Mkongwe. Ni chembamba, hakihitaji betri ili kiwake, na injini yake imefichwa chini ya bodi, hivyo kanzu na buibui havichafuki oili. Bajaj wa India walikuwa wameitengeneza kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya 1960, na fundi mwenye mkono mwepesi aliweza kukifanya kipuri cha India kikae kwenye chombo cha Italia.

Ami hakuwa mtu wa maswali. "Mwanangu, lete spana ya plagi," alisema, na kazi ikaanza. Plagi ilifunguliwa, ikarudishwa kwenye kofia ya waya wake, ikalazwa juu ya chuma cha injini, kisha mtoto akapiga kiki. Moto wa buluu wenye mlio mkavu ulikuwa mzima. Moto wa njano, mwembamba, unaosita, ulikuwa mgonjwa.

Kuanza na moto kulikuwa na sababu. Vespa za wakati ule zilipata cheche kwa pointi, vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya magneti, ambavyo hugusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vikiachana, nafasi baina yao haizidi nusu milimita. Chombo kikilala miezi mingi kwenye hewa ya bahari, nyuso za vipande hivyo hufanya utando usiopitisha umeme sawasawa. Kiki moja inatoa cheche, ya pili haitoi, ya tatu inatoa dhaifu. Ami alipenyeza kipande cha msasa laini kupitia dirisha la magneti, akasugua, akafuta kwa kitambaa safi, akapima nafasi upya. Mara nyingi dawa ilikuwa hiyo tu.

Ikishindikana, aliitazama kondensa, ambayo ilikuwa na hila zake. Ikiwa ya baridi hufanya kazi, ikipata joto huacha. Chombo kilichoondoka gereji kikiimba, kikazima kabla ya kufika Mwanakwerekwe, kikapoa kando ya njia na kuwaka tena, ami alikwishajua kilichokipata kabla mwenyewe hajamaliza kusimulia. Na juu ya yote kulikuwa na risasi ndani ya petroli. Kemikali ya risasi, ambayo Thomas Midgley aligundua nchini Marekani mwaka 1921 kuwa inazuia injini kugonga, ilikuwa bado inatiwa katika petroli ya Afrika Mashariki, na uchafu wake uliganda kwenye plagi ukapitisha umeme pembeni badala ya kuuacha uruke. Katika dunia hiyo, moto ulistahili kuwa mtuhumiwa wa kwanza.

Dunia hiyo ikaondoka polepole. Vespa za PX na pikipiki za Kijapani zilizokuja baadaye zilikuwa na CDI, kisanduku cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya pointi. Hakikuwa na nyuso za kufanya utando, wala hakikutaka msasa. Nayo risasi ikafukuzwa. Wajumbe wa nchi za Kusini mwa Sahara walikubaliana Dakar, Juni 2001, kuiondoa katika petroli, na Januari 2006 ilipofika kanda nzima ilikuwa imeachana nayo. Sasa ami alilaza plagi juu ya chuma, akaona moto wa buluu unaoruka bila kusita, na chombo kikaendelea kumisi vilevile.

Ndipo fundi asiye na maswali akaanza kuuliza. Mteja akifika, kabla ya kuguswa spana yoyote, aliulizwa: "Imelala muda gani? Na tangini mlibakisha nini?"

Petroli si kitu kimoja. Ni vimiminika vingi vilivyochanganywa, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoisaidia injini baridi kuwaka, huruka kwanza. Vinavyobaki hukutana na hewa, vikazaa utomvu wa kahawia unaoshika kwenye kuta za kabureta. Unguja, ambako mchana wa Februari hupita nyuzi 30, haihitaji miaka kuikamilisha kazi hiyo, miezi inatosha. Kwa vespa hali huwa nzito zaidi, kwa kuwa petroli yake imechanganywa na oili. Petroli ikiruka, oili inabaki, na chini ya bakuli la kabureta hukutwa kitu kizito kama asali.

Njia ambayo petroli hupita kufika kwenye injini ni ndogo mno. Jeti ya kabureta ya vespa yenye namba 50 ina tundu la nusu milimita. Utando usioonekana kwa jicho ukikaa humo, petroli inayopita hupungua, hewa inazidi, na cheche nzima kabisa huruka katika mchanganyiko usiokubali kuwaka. Mzunguko unaofuata petroli inatosha kidogo, unawaka. Mwenye chombo husikia injini inayorukaruka, naye anaapa kuwa plagi imekufa.

Mwandishi anakumbuka jinsi ami alivyowafundisha vijana wa gereji kutenganisha magonjwa kwa kuuliza misi inatokea wapi. Ikitokea kwenye sailensa tu, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, na ukivuta mafuta injini inatulia, shuku jeti ndogo, au hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Ikija ukivuta mafuta mpaka mwisho au ukipakia abiria, rudi kwenye jeti kubwa, chujio na koki. Na usiusahau moto, kwa sababu hewa iliyobanwa sana ndani ya silinda huitaka cheche yenye nguvu zaidi. Ikija baada ya joto, tazama koili. Na chombo kikienda vizuri kwa dakika chache kisha kikafa, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na chombo kikawaka, tundu la kupumulia limeziba. Nyigu wa udongo hupenda matundu ya namna hiyo, na katika chombo kilicholala wana muda wa kutosha kujenga.

Alisisitiza jambo jingine ambalo vijana walilionea uvivu: badilisha kitu kimoja, kisha jaribu barabarani. Aliyebadilisha plagi, akasafisha kabureta na kurekebisha skrubu ya hewa kwa mkupuo mmoja hakujua kilichoponya, na mteja alilipa vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Kwa mtu aliyekuwa akiitegemea vespa hiyo kufuata samaki sokoni au kupeleka watoto skuli, fedha hiyo ilikuwa na maana.

Desemba 2009 umeme unaoletwa kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Mitaa ikajaa jenereta ndogo za petroli. Umeme uliporudi, jenereta hizo ziliwekwa uani zikiwa na petroli ndani, na zilipohitajiwa tena, gereji za vespa zikapokea wagonjwa wapya wenye dalili zilezile: kabureta imeshika utomvu, injini inapanda na kushuka. Waliokwisha kuzoea kuuliza "imelala muda gani" hawakubabaika.

Giza lenyewe nalo lilifunza kitu. Mchana ni vigumu kuona umeme unaovuja kwenye waya wa plagi uliopasuka kwa uzee na chumvi. Usiku usio na taa, injini ikizunguka, vijicheche vya buluu vilionekana vikitambaa juu ya waya na kurukia chuma. Mpaka leo wako mafundi Unguja wanaosubiri magharibi, wakanyunyiza maji kidogo kwenye waya, na kutazama.

Badiliko la pili lilikuja kwa haraka. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulikata watalii, na skuta za kukodisha zilizokuwa zikienda Nungwi, Paje na Jambiani kila siku zikasimama. Zilisimama wakati mbaya kuliko wote, masika inapoanza. Mvua za Machi hadi Mei zilizikuta uani na chini ya makuti. Tanzania ilifungua tena anga yake tarehe 18 Mei, na wenye skuta walipoanza kuzitoa, nyingi zilikuwa zinamisi. Miongoni mwazo zilikuwamo ambazo hazina kabureta.

Skuta ya sindano ya petroli ina pampu, sensa na kompyuta ndogo inayopima hewa na kuamua kiasi cha mafuta. Hapa swali la kwanza likawa jingine kabisa: betri ina volti ngapi? Betri iliyolala hudhoofu, pampu haisukumi inavyotakiwa, kompyuta inasoma vibaya, na injini inamisi ingawa plagi ni mpya na petroli ni safi. Baada ya betri hufuata plagi za waya, zile za plastiki zenye pini ndogo, ambazo unyevu wa chumvi huzifanyia kutu ya kijani. Kijana mwenye kipimo cha umeme na kifaa cha kusoma msimbo wa hitilafu hupata kwa dakika chache habari ambazo ami angezitafuta asubuhi nzima.

Hata hivyo msimbo hutaja sensa iliyolalamika, na sensa inaweza kulalamika kwa kosa la jirani yake. Mwandishi amewaona vijana wakinunua sensa ya bei kubwa kwa sababu ya maandishi ya kifaa, ilhali ndani ya tangi chujio la pampu limejaa kutu na utomvu. Amewaona pia wengine wakisoma msimbo, kisha wakafungua kifuniko cha tangi na kunusa. Petroli iliyochacha ina harufu kali ya kukera, mfano wa rangi ya mafuta, na hakuna kifaa kinachoisoma. Hao wa pili ndio wanaostahili kupewa nafasi ya kufundisha, katika vyuo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na pale Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia (KIST), Mbweni, sambamba na wenye vyeti, kwa sababu elimu ya chombo kilicholala kwenye hewa ya bahari imejengwa gerejini na bado sehemu kubwa iko vichwani mwa watu.

Wenye vyombo nao wamebadilika. Zamani vespa ililetwa kwa fundi ikishakataa. Siku hizi wako wanaoipeleka kabla ya safari ili ilazwe vizuri. Fundi hufunga koki na kuiacha injini iunguruke mpaka inywe petroli yote ya kwenye kabureta na kuzima yenyewe. Hufungua plagi, akatia oili kidogo ndani ya silinda, akapiga kiki taratibu ili oili isambae, akairudisha plagi. Hupaka grisi pini za waya, huziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, na betri kama ipo huitoa ikakaa ndani kwa mtu atakayeichaji kila mwezi. Kisha huandika kwenye karatasi yaliyofanywa na tarehe yake, akaikunja na kuitia kwenye kisanduku cha mbele, ili fundi atakayeiamsha, awe yeye au mwingine, aikute.