Usiniletee

Watoto wa mtaa wetu Mbagala wanajua bei ya chuma kabla hawajajua kuzidisha tarakimu mbili. Wanajua chupa za plastiki zinajaza kiroba na kulipa kidogo, shaba ndiyo mali, na mwenye mizani ya skrepa hamuulizi mtoto kaokota wapi. Naanza na skrepa kwa sababu nilikuwa naandaa video ya dakika moja ya kuwafundisha watoto usalama wa silaha kupitia simu, na kwetu huku silaha na mtoto hukutana zaidi kwenye kiroba kuliko kwenye droo ya baba.

Raia wengi hawana bunduki nyumbani. Anayeitaka hupitia mlolongo wa vibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki anazoziona mtoto wa Mbagala ni ya polisi, ya mlinzi wa benki aliyeikumbatia huku anasinzia kwenye kiti, ile ya plastiki inayouzwa sikukuu ya Idd pamoja na miwani ya jua, na zile za Free Fire kwenye simu ya mama yake. Hizo za kwenye simu anazitaja kwa majina, na anajua ipi inapiga mbali. Lakini silaha iliyotuua sisi haikuwa bunduki.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya kambi ya JWTZ Mbagala yalilipuka. Nilikuwa darasa la tano. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka. Kwetu vioo vyote vilimwagika ndani, na mama alikimbia na khanga moja na mtoto wa jirani aliyemdhania ni mdogo wangu. (Mdogo wangu alikuwa amebebwa na huyo jirani. Walikuja kubadilishana jioni.) Hayo yamesimuliwa sana. Kilichobaki kwangu zaidi ni wiki zilizofuata, wanajeshi wakipita kukusanya mabaki, na sisi tukipewa kanuni moja: ukiona kitu usichokijua, usikiguse.

Nimeifikiria sana hiyo kanuni tangu nianze shahada ya uzamili ya elimu. Kama mwalimu naona shida yake iko kwenye neno "usichokijua". Mtoto wa Mbagala akikuta kipande cha chuma kimefukiwa nusu, kimeshika kutu, hajioni amekutana na kitu asichokijua. Chuma anakijua. Anajua hata kilo ni shilingi ngapi. Darasani kwetu kuna mvulana alikuja na kipande kilichopinda kwenye mkoba, wenzake wakawa wanamlipa pipi ili wakishike. Wote walikuwa wameisikia kanuni.

Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 tena, maelfu wakalala uwanja wa mpira, redio zikitangaza majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Na Novemba 2017, mbali na Dar es Salaam, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lilifika shuleni na mwanafunzi. Taarifa za wakati ule zilisema aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Watoto watano walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ngara iko mpakani na Burundi, na vita vya jirani huacha vitu porini.

Somo la namna hii limepimwa sana Marekani, kwa sababu wanazozijua. Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti ambamo vikundi vya wavulana wa miaka 8 hadi 12 viliachwa kwenye chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Katika vikundi vilivyoiona, kama robo tatu waliishika, na karibu nusu kulikuwa na mvulana aliyevuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walisema walishawahi kufundishwa usalama wa silaha. Nilipofika hapo niliifunga kompyuta nikaenda kununua mihogo.

Mwaka 2023 wakaja Sophie Kjærvik na Brad Bushman wa Ohio. Waliwaonyesha watoto video ya dakika moja wakiwa nyumbani, polisi mwenye sare akiongea. Wiki moja baadaye watoto wakacheza kwenye chumba chenye bastola zilizofichwa. Katika kundi lililoangalia video ya usalama wa magari, walioshika bastola walikuwa asilimia 67. Katika kundi la video ya silaha, 39. Waliokwenda kumwambia mtu mzima walipanda kutoka asilimia 11 hadi 34. Kwa dakika moja ya simu hayo ni mafanikio makubwa, sibishi. Lakini bado karibu wanne kati ya kumi waliishika. Bastola isiyo na risasi inavumilia hilo. Kihinga alitosha mmoja.

Kwa hiyo nikaamua video yangu isiwe na polisi. Nilimfuata mzee anayenunua skrepa karibu na kwetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Nilipomweleza alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Aliniambia mwaka 2009 waliwahi kumletea. Hakusema nini, wala alikifanyaje. Siku ya pili alivaa shati safi, akasimama mbele ya mizani, na kwa sekunde 50 alisema maneno aliyoyachagua mwenyewe: kitu chenye umbo hili sinunui. Usiniletee. Hata ukiniletea bure sikichukui. Kiache hapohapo, usikirushie jiwe, nenda kamwite mtu mzima apige 112. Picha nilizichora mimi kwa kalamu za rangi, zenye kutu na udongo, kwa sababu watoto wameshaziona zinazong'aa kwenye michezo ya simu.

Niliituma kwenye grupu la wazazi wa mtaa. Hapo likajitokeza lile la mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa korona na masomo yakahamia kwenye televisheni na simu: mtoto anayehitaji somo ndiye ambaye kwao kuna kitochi. Wanaookota skrepa wengi ni hao. Basi mama mmoja akawa anawakusanya barazani kwake, simu moja, vichwa tisa, bando lake. Majibu yalikuja kwa sauti, wakipokezana. Wengi walisema tu wameelewa. Wa mwisho ana miaka kama tisa hivi.

"Dada shikamoo. Na kama tayari nimeshakitia kwenye kiroba?"

Sikuwa nimeona swali hilo kwenye utafiti wowote. Nilirudi kwa mzee, tukarekodi nyingine fupi: anakishusha kiroba chini polepole, hakitupi, hakifungui, anaondoka akiwaita wenzake waondoke naye. Kiroba kinabaki pale na kila kilichomo.

Jibu lilirudi baada ya muda mfupi. Alitaka kujua, na chupa zake zilizo humo ndani, nani atamlipa?

Nilimsikilizisha mzee. Alishika mnyororo wa mizani yake, akautikisa kidogo.

"Mwambie aje tu. Nitampimia kwa macho."