Likizo ya Mama Mkulima

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Sisi wazee tunaipenda methali hii kwa sababu inatupa haki ya kuwaonya watoto wa jirani. Mimi naona inamhusu mama kwanza. Mikono mingine inatakiwa ili mkono wake yeye upate kutulia juu ya mwanawe.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwaeleza wanachuo habari za Mary Ainsworth, mtaalamu aliyefika Kampala mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 za vijiji vya Buganda, zenye watoto wachanga 28, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya malezi aliyoyaona. Alikaa na akina mama, akatazama na kuuliza. Aligundua kwamba watoto waliokuwa na imani na mama zao ni wale ambao mama zao waliwafahamu kwa undani. Mama wa namna hiyo, akiulizwa habari za mwanawe, alisimulia mambo madogo madogo bila kuvutwa. Tena alifurahia kumnyonyesha.

Ndugu msomaji, ufahamu huo hauji kwa mtu ambaye akili yake imetawanyika. Hapa Songea mtoto akizaliwa mwezi wa Julai, baridi inapokaza, mama hupewa maagizo mengi: mfunike, mnyonyeshe, usitoke nje. Nani humwuliza yeye anaendeleaje? Huku ananyonyesha, huku anawaza kuni, maji, na mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. Siku hizi na simu nayo iko mkononi.

Mke wa mwanangu alipojifungua, alimnyonyesha mtoto huku uso ameuelekeza ukutani. Jirani mmoja akanong'ona kuwa binti yule ana kiburi. Mke wangu hakubishana na mtu. Alichukua ndoo, akachukua na nguo za mtoto, akamwambia, "Mwanangu, wewe kazi yako ni huyu tu." Kila jioni aliingia na uji, akaketi na kumwuliza kwa utani wa bibi, "Haya, leo mume wangu kafanya nini?" Siku za kwanza jibu lilikuwa, "Amelala tu, mama." Baadaye likawa, "Leo amegeukia mwanga wa dirishani." Kisha, "Akishiba hukunja kidole gumba ndani ya ngumi." Hapo nilijua kwamba wawili wale wameonana.

Wataalamu wa leo wanafundisha utulivu wa namna hii kama zoezi. Mama huketi, huvuta pumzi taratibu, husikia uzito wa mtoto kifuani na kumtazama usoni. Wazo jingine likija huliacha lipite. Ni jambo jema, na halina gharama. Lakini usimwambie mama atulie huku umemwachia ndoo.

Tena tujue mpaka wa uji na maneno mazuri. Machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida hukoma yenyewe. Huzuni ikipita wiki mbili, au mama akikosa usingizi hata mtoto alalapo, au akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa, wala si kiburi wala kulogwa. Apelekwe hospitali, na akitaja kudhuru asingoje hata siku moja, wala asiachwe peke yake.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa angalau siku 3. Mama mkulima wa Songea hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe, mama mkwe, mawifi na majirani. Basi safari ijayo tukienda kumpa mama hongera, tuitazame ndoo kabla hatujaomba kumpakata mtoto. Ikiwa tupu, tuanzie hapo.